Brek Si Gari la Maiti

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Limefika! Wiki saba njiani. Bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia nzima, Kasumbalesa, na sasa liko uani kwangu hapa Likasi. Brek, gari la familia la Kijapani la mwaka 1999, rangi ya majivu, mgongo mrefu, milango mitano. Ina turbo. Leo nimemwambia hivyo kila mtu aliyepita mbele ya nyumba, na sijachoka bado: ina turbo.

Mimi Osée, karani wa depo ya simenti, miaka arobaini na minane, kuanzia leo nina farasi mia mbili na themanini. Ukikanyaga mafuta halafu ukaachia, inapumua: pshhh! Nimekanyaga na kuachia mara thelathini. Jirani amekuja na fimbo kuuliza nyoka ameingilia wapi.

Wiki mbili kutoka leo, tarehe 16, Jaël anaolewa. Binti yangu wa kwanza. Alipokuwa na miaka sita nilikuwa nampeleka shule kwa baiskeli, amekaa kwenye chuma cha mbele. Siku moja ya mvua, tope hadi magotini, tunasukuma baiskeli badala ya kupanda, nikamwapia kwamba siku ya harusi yake nitampeleka kanisani kwa gari langu mwenyewe, tena la mbio. Alicheka. Mimi sikucheka. Nimengoja miaka kumi na minane.

Saa kumi akafika shemeji Alexis, kaka wa mke wangu. Anauza viatu sokoni. Ana jeep nyeupe, na kila mtu anajua ana jeep nyeupe. Akalizunguka gari langu mara mbili, mikono mgongoni. Akafungua mlango wa nyuma. Akapima urefu kwa macho. Kisha akatangaza, mbele ya watu, kwamba kweli nimepata gari zuri la kubebea maiti.

Watu wakacheka. Emérance, mke wangu wa ndoa, naye akacheka! Naliandika hapa ili lisisahaulike.

Jumapili, 3 Agosti

Aibu tupu. Niliegesha mbele ya kanisa na sikuzima injini. Gari la turbo halizimwi papo hapo, unaliacha lipumue dakika moja. Mimi niliacha dakika sita ili hata kwaya isikie. Baada ya ibada watu watatu wakanifuata. Nikajua ni pongezi, nikaweka uso wa unyenyekevu.

Wa kwanza aliuliza kama Jumanne nina nafasi ya mazishi. Wa pili aliuliza kama sanduku la mita mbili linaingia lote au miguu inabaki nje. Wa tatu, Mama Suzanne, kiongozi wa wajane, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru kwa huduma hii mpya.

Sawa. Nakubali kwamba hapa kwetu brek zote nilizoziona tangu utoto zilikuwa zinaelekea makaburini. Gari refu, mlango nyuma, sanduku linaingia bila shida. Ikipita, wanaume wanavua kofia. Ni mazoea. Lakini zile hazikuwa na turbo!

Jioni tukawa na kikao cha familia. Alexis, kama mjomba wa Jaël, akasema bibi harusi hawezi kupanda gari la maiti, yeye atatoa jeep. Mimi nikasema Jaël atapanda jeep siku nikiwa mimi nimelala ndani ya lile sanduku. Tukapandishiana sauti. Mwishowe Emérance akapiga meza na kutoa hukumu. Jaël atapanda brek. Akifika kanisani ndani ya brek kabla ya saa nne kamili, kwa sababu mchungaji ana harusi nyingine saa tano na hasubiri mtu, gari linabaki kwetu na hakuna atakayelisema tena. Akichelewa, au akifika kwa namna nyingine yoyote, Jumapili inayofuata gari linakwenda kwa Alexis, kwa bei ya Alexis.

Alexis alikubali haraka mno. Mimi nikakubali haraka kumshinda.

Jumatatu, 4 Agosti

Dawa nimeipata. Gari la maiti liko juu. Gari la mbio liko chini. Kwa hiyo brek ishuke! Ikiwa chini, tumbo karibu na lami, hakuna mpumbavu atakayeuliza habari za sanduku.

Nimekwenda kwa Mama Deborah, mwenye garaji nyuma ya soko. Kazi alifundishwa na baba yake, fundi wa treni. Hatumii mashine za kisasa. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, anasikiliza. Mimi nikangoja anipongeze.

Alifumbua macho akasema injini ni nzima, inaimba vizuri. Ila fureni za mbele zimekuwa nyembamba mno, siku ya kusimama gari halitasimama. Na tuyo, ule mpira wa maji ya rejeta, imepasuka pembeni, nikienda nalo Kolwezi nitarudi kwa miguu. Nikasema sawa, sawa, hayo baadaye, kwanza nataka lishuke. Akauliza lishuke wapi. Nikasema chini. Akasema yeye anatengeneza magari, haharibu, na kwa barabara zetu hizi angekuwa na uwezo angeliinua.

Nimemwambia nitafikiri. Fureni! Nani amewahi kusifu fureni harusini?

Jumatano, 6 Agosti

Jambo dogo nililosahau kuandika. Usukani wa brek uko kulia. Kwetu Congo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo nikiwa nyuma ya lori sioni barabara hata kidogo, naona makalio ya lori. Magari yote yaliyotoka Dar yako hivyo na mji mzima unajua namna ya kufanya: mtu anakaa kiti cha mbele kushoto, anachungulia, anasema. Mtu huyo anaitwa macho. Macho yangu ni Emérance.

Leo tumekwenda Buluo kumwalika shangazi yake. Emérance akiwa kazini ana maneno mawili tu, "Bado" na "Pita". Akisema Bado, natulia. Akisema Pita, nakanyaga, turbo inaamka, pshhh, tuko mbele! Tumepita malori manne na basi moja. Kwenye lori la tatu nilimsikia akicheka, kisha akajifanya anakohoa. Nimesikia, Mama Jaël. Nimesikia vizuri sana.

Kusema kweli dereva wa kiwango changu hahitaji macho. Nambeba kwa heshima tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango mpya, wa akili. Kama watu hawajui, waelimishwe. Nimemwomba yule anayeandika mabango ya maduka anitengenezee kibandiko kikubwa cha kioo cha nyuma. Herufi nyekundu, urefu wa mkono: BREK SI GARI LA MAITI. Chini yake, kwa herufi ndogo: INA TURBO.

Jaël alikisoma hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole kama siku ya harusi kitakuwapo. Nikamwambia bila shaka. Akaingia ndani, nikasikia yeye na mdogo wake Orpha wanacheka hadi kikombe kimevunjika. Furaha ya harusi.

Jumapili, 10 Agosti

Kibandiko kina kasoro. Kabla ya kibandiko watu watatu waliniuliza habari za mazishi. Tangu Ijumaa ni kumi na mmoja. Wengine hawakuwa hata na wazo hilo, wamelipata kwangu. Leo baada ya ibada nimekuta kadi chini ya waipa. Ni ya Athanase, fundi wa masanduku. Anapendekeza tushirikiane.

Alexis naye alisimama nyuma ya gari, akasoma kwa sauti kwa ajili ya wale waliosahau miwani. Mara mbili. Nimejaribu kukibandua. Hakibanduki! Nimesugua kwa wembe, kwa maji ya moto, kwa mafuta ya taa. Yule mwandishi wa mabango ni fundi mzuri mno, shetani yule.

Zimebaki siku sita. Lazima lishuke.

Jumatatu, 11 Agosti

Limeshuka! Nimeomba ruhusa depo, nimesema nina jino. Nikaenda kwa Samy, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye mashine ya kukatia vyuma, anayetengeneza mageti. Anasema springi na geti ni chuma kilekile. Ndiyo mtu ninayemtaka, asiye na maswali mengi. Amekata duara mbili kwenye kila springi. Saa tatu tu, kazi imekwisha.

Mungu wangu, uzuri! Tairi zimejificha ndani ya matao. Gari limelala chini linanyatia. Nimelitazama kutoka mbele, kutoka nyuma, nikapanda juu ya tanki la maji nikalitazama kutoka juu. Kwa mara ya kwanza halifanani na mazishi. Njiani kurudi niliruka kila nilipokanyaga jiwe na kichwa changu kimegonga dari mara nne, lakini uzuri una gharama yake.

Emérance ameuliza mbona gari limechoka. Nimemwambia ni upepo wa tairi.

Jumanne, 12 Agosti

Nilipitia kwa Mama Deborah kumwonyesha tu. Kumtia wivu kidogo. Alijaribu kuingiza vidole viwili kati ya tairi na bodi. Havikuingia. Akajaribu kimoja. Hakikuingia. Akaniomba ufunguo, eti anataka kusikiliza injini. Nikampa. Akaingiza gari garajini, akafunga geti, akanitolea kiti nje.

Nilikaa kwenye kiti kile hadi saa tisa! Alipofungua alinipa mfuko wa plastiki, ndani mna fureni za zamani na tuyo iliyopasuka, ili nisiseme nimeibiwa. Ameweka mpya zote. Nikafoka kwamba sikuagiza. Akasema anajua, ila Jaël alipokuwa mdogo alikuwa anakuja kucheza na nati pale garajini, na yeye hatamwacha aende kwa mume ndani ya gari lisilosimama. Malipo nitamletea nikipata akili. Muda huo, anasema, ataweza kungoja sana.

Matusi. Fureni nzuri, lakini matusi.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo jaribio kuu. Mimi si mtu wa kubahatisha. Jumamosi ndani ya gari watakuwa watu wanne na gauni. Nikawaza: nitapimaje uzito bila kuwasumbua wenyewe? Uani kulikuwa na magunia manne ya unga wa bukari ya harusi, yamewekwa tayari. Gunia la Jaël, gunia la Orpha, gunia la Emérance, gunia langu. Gauni niliwakilisha kwa bidoni la petroli, lita ishirini. Nikapakia Emérance akiwa kwa mshonaji.

Nilichagua njia ya Buluo kwa sababu haina matuta. Matuta yangeharibu jaribio. Gari lilikwenda vizuri sana! Lilikuwa chini kabisa, nasikia changarawe zikinikwaruza tumboni, lakini linakwenda. Nikakanyaga. Pshhh! Niliimba peke yangu.

Mbele, katika kona, mtu wa baiskeli na magunia matatu ya makaa, anavuka. Nikakanyaga fureni. Fureni mpya za Mama Deborah! Gari likasimama palepale, kama limegonga ukuta. Mwenye baiskeli hakupata hata mchubuko, akanisalimia na kuendelea. Lakini bidoni likaruka. Kifuniko kikatoka. Lita ishirini juu ya unga.

Kwa fureni za zamani hili lisingetokea kamwe. Nitamwambia siku moja.

Nimeanika unga nyuma ya depo, juu ya maturubai ya simenti, jua kali la kiangazi, upepo kidogo. Baada ya saa tatu nikanusa. Hauna harufu kabisa. Au pua yangu imechoka. Nimeurudisha kwenye magunia, nikashona vizuri, nikaweka mahali pake. Nani atajua?

Ijumaa, 15 Agosti

Amejua.

Asubuhi Emérance alisonga bukari kidogo ya kuonja, kama wanavyofanya kabla ya kupika ya watu wengi. Hélène, mke wa Alexis, alikuwa hapo, na mama sita wa kanisa. Emérance akatia tonge mdomoni. Akatoa. Akanusa. Akanitazama na kusema kwa sauti ya chini: "Baba Jaël, bukari iko nanukia esanse."

Nikasema labda ni mahindi ya aina mpya.

Hélène alipendekeza moto uzimwe haraka. Mama wote wakatoka nje. Nikaeleza kila kitu. Uzito, gauni, baiskeli, fureni. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana vibaya, sijui kwa nini. Magunia manne yametupwa. Majirani wamechanga unga, sahani kwa sahani, kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho, na kila aliyeleta aliuliza kwanza kama ni kweli.

Emérance hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Amefunga mdomo. Tangu saa tatu asubuhi hajatoa neno hata moja kwangu, si la kunikaripia wala la kuniita kula. Nimempa pole. Ukuta ungejibu zaidi. Ninaogopa, naandika wazi. Kesho atakaa kiti cha kushoto.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Saa mbili gari lilikuwa tayari. Limeoshwa, utepe mweupe kutoka taa hadi taa, kibandiko nimekifunika kwa maua. Kisha Jaël akatoka nyumbani. Sitaandika mengi. Nilimtazama nikasahau kumfungulia mlango.

Saa tatu kasoro robo tukaingia. Jaël nyuma kushoto, Orpha nyuma kulia, na katikati yao shangazi wa Buluo, ambaye sikumweka kwenye hesabu ya magunia lakini alikuwa ameshaketi. Shangazi huyu peke yake ni magunia mawili. Emérance mbele kushoto, mkoba magotini. Gari likashuka. Orpha akasema tairi zimeingia ndani ya gari. Nyuma yetu jeep ya Alexis na Hélène, nyuma yake taksi za ndugu, honi kila mahali.

Dakika kumi baadaye tukafikia lori la makaa. Limejaa hadi juu, linapanda polepole, moshi mweusi. Mimi naona magunia tu. Nikageuka kushoto nikauliza vipi. Kimya. Nikauliza nipite? Kimya. Emérance alikuwa anatazama mbele, macho wazi, anaona barabara yote, hasemi. Nikamwomba. Nikamwita kwa jina lake la uchumba. Kimya!

Tulikaa nyuma ya lori lile dakika ishirini. Farasi mia mbili na themanini, mwendo wa kutembea. Watoto wa shule wangetupita. Mtu wa baiskeli mwenye makaa alitupita. Nadhani alikuwa yuleyule wa Alhamisi, kwa sababu alinisalimia.

Ndipo nikasikia kioo cha nyuma kinashuka. Jaël ametoa kichwa nje, shela na yote. Akapaza sauti: "Baba, weye endesha tu, minye niko naangalia!" Moyo wangu! Akasema bado. Akasema bado. Akasema "Pita, Baba, pita!" na mimi nikakanyaga. Pshhh! Shela ikaruka, Orpha akaidaka mlangoni, shangazi akaita majina yote ya Bwana, lori likabaki nyuma. Jaël alikuwa anacheka kwa sauti ileile ya baiskeli. Hata nikifa kesho, hilo nimelipata.

Saa tatu na dakika ishirini na tano. Tulikuwa na wakati wa kutosha. Kisha tukaacha lami tukaingia mtaa wa kanisa, na kule wakazi wamejenga matuta ya udongo na kokoto kwa mikono yao wenyewe. Matano. Nilikuwa nayajua. Nimeyapita kila Jumapili, peke yangu, gari likiwa juu. Lilipokuwa juu.

Tuta la kwanza: krrrrr. Gari likalala tumbo juu ya tuta. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Watu wote nje! Lilipobaki tupu likainuka vidole vitatu, likapita. Watu wote ndani! Kumtoa shangazi ni dakika mbili. Kumrudisha ni dakika nne. Tuta la pili, vilevile. Bibi harusi ameshuka, ameshika gauni, amevuka tuta, amepanda. Watu wa mtaa wakatoka kutazama. Mtu mmoja akaleta kiti akakaa.

Tuta la tatu, saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Alexis akashuka kwenye jeep yake, akafungua mlango wa nyuma kwa heshima kubwa, akasema mjomba yuko hapa. Jeep iko juu, matuta haiyajui. Jaël akaitazama jeep. Akanitazama mimi. Nilijua akiingia mle gari langu limekwenda. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani nimeshika funguo kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa.

Jaël akavua viatu. Akampa Orpha. Akasema kanisa linaonekana kutoka pale, yeye atatembea, na baba yake atatembea naye, kwa sababu siku za tope pia tulikuwa tunasukuma na tulikuwa tunafika.

Nikasema, na ninaona aibu kuandika, nikasema: na gari?

Hapo Emérance akafungua mdomo. Neno la kwanza tangu jana. Alinitazama usoni akasema: "Pita."

Nikampa Alexis ufunguo. Jeep akaichukua Hélène. Mimi nikamshika Jaël mkono, tukatembea. Mama wa kanisa wakaanza kuimba, mtaa mzima ukatufuata, vumbi hadi kwenye gauni. Nyuma yetu ilikuja brek, tupu, polepole, na maua yake. Nikaona wanaume kando ya barabara wanavua kofia. Mmoja baada ya mwingine! Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mama Suzanne akamkimbilia akamwambia ni harusi, na yule mama akabadilisha kilio kuwa vigelegele bila kupumua. Jaël alicheka hadi akaniegemea. Nililia. Niliwaambia watu ni vumbi.

Tulivuka mlango wa kanisa saa nne kasoro dakika mbili.

Nilipomkabidhi Jaël kwa mume wake niligeuka kumtafuta Alexis. Hayupo. Nikachungulia mlangoni. Yuko ndani ya brek, peke yake, injini inaunguruma. Nikadhani imegoma. Hapana. Anakanyaga, anaachia. Pshhh. Anakanyaga, anaachia. Alipoingia ibada ilikuwa katikati. Akaninong'oneza kwamba gari la turbo halizimwi papo hapo.

Bukari ilikuwa nzuri. Emérance ametoa uamuzi wake mbele ya kikao chote, mdomo umejaa: bibi harusi alifika kabla ya saa nne, lakini kwa miguu. Hukumu ni hukumu. Kisha akanipakulia nyama mwenyewe, kipande kikubwa. Sijui kama nimesamehewa, ila nilikula.

Jumapili, 17 Agosti

Limekwenda. Alexis alikuja alfajiri kabla hata sijavaa viatu. Nilisimama uani nikatazama alama ya mafuta pale lilipokuwa. Emérance alinishika bega. Aliniambia Jaël amepiga simu, kwamba anawaambia wakwe zake habari ya lile lori na hawaamini. Nikaona nitaweza kuishi.

Saa nane Alexis akarudi. Uso umepauka, shati limelowa. Alikuwa amekwenda Buluo peke yake kujifurahisha na akarudi saa mbili nzima nyuma ya lori la simenti. Haoni kitu! Alimwomba Hélène awe macho. Hélène amekataa, hawezi kuonekana ndani ya gari la maiti. Alisema hivyo hivyo, gari la maiti, na Alexis ameumia sana. Amenieleza kwa hasira kwamba watu hawaelewi, brek si gari la maiti, ina turbo. Nikamwambia pole, shemeji. Nikavaa viatu.

Nimekaa kiti cha kushoto. Kumbe ndiko kwenyewe! Yeye anashika usukani, lakini anayeamua ni mimi. Tulipofikia lori la kwanza nilichungulia. Barabara tupu kabisa. Nikasema Bado. Nikasema Bado tena. Nilisema Bado kilomita nzima, kwa ajili ya Jumamosi ile ya kwanza na mikono yake mgongoni. Kisha nikasema Pita. Pshhh! Alexis alicheka kwa sauti, halafu akajifanya anakohoa.

Njiani tumezungumza kama watu wazima. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Kosa halikuwa kulishusha gari. Kosa lilikuwa kulishusha kidogo. Lingekuwa chini kabisa, tungejua mapema kwamba halipiti kwenye matuta, tungezunguka kwa njia ya reli, na Jaël angefika ameketi. Alexis amesema hajawahi kusikia hoja iliyonyooka namna hii. Jumanne tunakwenda kwa Samy. Duara moja zaidi. Mama Deborah asijue.

Na Orpha ameanza kuzungumza mno na mpiga gitaa wa kanisa. Nimemwambia leo mezani asiwe na wasiwasi, siku yake ikifika gari lipo, macho yapo, baba yake na mjomba wake wako pamoja. Amemgeukia mjomba wake, akamuuliza kama pale sokoni kuna viatu vyeupe vya kutembelea mbali.